Kumbukumbu ya Miaka 34 ya Kufundisha

Fomu niliyokabidhiwa ilikuwa na safu sita: mwaka wa masomo, namba ya kozi, jina la kozi, krediti, idadi ya wanafunzi, na wastani wa alama ambazo wanafunzi walimpa mwalimu mwishoni mwa muhula. Profesa aliyenifundisha misingi ya usimamizi wa maliasili alikuwa amestaafu baada ya kufundisha kwa miaka 34, tangu 1986 hadi 2020. Idara ilitaka kumbukumbu kamili ya ufundishaji wake, na mimi, mhadhiri msaidizi niliyepita mikononi mwake tangu shahada ya kwanza, nikapewa kazi hiyo. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Ilinichukua miezi minane.

Sitaki kuidharau fomu ile. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, mazoezi ya vitendo na muda wa kujisomea, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza hupaswa kufikisha krediti 120. Anayejua kuisoma safu ya krediti anaweza kukisia mzigo aliobeba mwalimu kwa mwaka. Lakini masomo ya mazingira na maliasili hufundishwa kwa sehemu kubwa nje ya ukumbi wa mihadhara: chini ya mti, kwenye kingo za mto, barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Safu ya krediti haiwezi kusema kwamba mwalimu alilala wiki nzima kwenye darasa la shule ya msingi ya kijiji pamoja na wanafunzi wake, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani na magodoro yametandikwa sakafuni, wala kwamba kila usiku alipitia madaftari yao kwa mwanga wa kandili ili asubuhi kila mmoja aamke na swali jipya la kwenda kuuliza.

Nilianza kwa kujaza nilichokipata kwenye majalada ya idara, na nilipokwama nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta amekaa barazani, nikamwamkia, akaniitikia marahaba na kuniuliza habari za watoto wangu kabla ya kuniuliza kilichonileta.

"Profesa, nimekuja kuhusu zile kumbukumbu za ufundishaji."

"Kumbukumbu gani, mwanangu? Mimi nina maboksi tu."

Yalikuwa maboksi kumi na moja, yamepangwa kwenye chumba cha nyuma karibu na magunia ya mahindi. Ndani yake mlikuwa na karatasi za mitihani zilizochapwa kwa stensili, orodha za mahudhurio, mihtasari ya kozi, slaidi za filamu ndani ya vikasha vya plastiki, disketi ambazo hakuna kompyuta yetu inayoweza kuzisoma tena, na madaftari ya uwandani ya wanafunzi. Madaftari hayo aliomba abaki nayo kila mwaka kwa ridhaa ya wenyewe, machache kutoka kila kundi. Boksi la mwaka wake wa kwanza lilikuwa na orodha ya darasa yenye majina kumi na tisa kwenye nusu ya karatasi. Lile la mwaka wa mwisho lilikuwa na orodha ya kurasa tisa, zilizobanwa pamoja kwa pini kubwa.

Maboksi mawili ya chini yalikuwa yameliwa na mchwa. Nilipolivuta la kwanza, kitako kilibaki sakafuni na udongo mkavu ukapukutika. Karatasi zilizokuwa katikati zilikuwa zimetoweka, zikaacha kingo nyembamba zilizozunguka tundu, na kwenye kingo hizo ungeweza kuona tarehe hapa na nusu ya jina pale. Ilikuwa miaka ya masomo kuanzia 1993 hadi 1997. Profesa alisimama mlangoni akatazama, kisha akasema taratibu kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo angependa sana niione. Wakati ule sikumwelewa.

Nilimwelewa nilipoipanga mitihani kwa mfuatano wa miaka kwenye meza ya maktaba. Kwa kawaida mitihani ya zamani hutunzwa kwa ajili ya mtahini wa nje na kwa ajili ya wanafunzi wanaotaka kujipima, na ni nadra mtu kuisoma kama maandishi ya mwalimu. Nadhani tunakosea. Mhadhara hupotea hewani, na muhtasari wa kozi mara nyingi hunakiliwa mwaka hadi mwaka bila kuguswa, lakini swali la mtihani mwalimu hulitunga upya, na ndani yake utaona anachoamini kuwa mwanafunzi aliyefundishwa naye anapaswa kukijua.

Swali la mwaka 1987, nikilitafsiri kutoka Kiingereza, lilisema: eleza sababu za mmomonyoko wa udongo katika Kondoa, kisha upendekeze hatua za kuudhibiti. Kwa wakati wake lilikuwa swali zuri. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ulikuwa unajulikana nchi nzima, na mwaka 1979 serikali ilikuwa imechukua hatua ambayo hata leo ni kubwa kuifikiria: mifugo yote, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, eneo lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Makorongo yalikuwa yamekula vilima, na mito ilikuwa imegeuka mapana ya mchanga. Baada ya mifugo kuondoka nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miti. Wataalamu wengi walikwenda kuona, na wanafunzi wakapelekwa kuona pia. Jibu lililotarajiwa kwenye mtihani wa 1987, nililolikuta kwenye mwongozo wa kusahihishia ulioandikwa kwa mkono wake, lilikuwa na alama tano kwa mwanafunzi atakayetaja kuondolewa kwa mifugo kama hatua iliyofanikiwa.

Mtihani wa 1992 ulifanana na huo. Kisha ukaja ukimya wa maboksi yaliyoliwa. Kisha nikafika 1998, na swali lilikuwa hili: "Mifugo iliondolewa Kondoa mwaka 1979. Taja makundi matatu ya watu walioguswa na uamuzi huo, na ueleze ungemuuliza nini mtu mmoja kutoka kila kundi kabla ya kuamua."

Mahali ni palepale, mwaka ni uleule, na mwalimu ni yuleyule. Kitu kikubwa kilikuwa kimetokea katikati, na ushahidi wake ulikuwa umeliwa.

Sehemu ya maelezo inapatikana nje ya maboksi, kwa sababu miaka hiyo fani yenyewe ilikuwa inageuka. Huko Babati, wanavijiji wa Duru-Haitemba walipinga mpango wa kuufanya msitu wao wa miombo kuwa hifadhi ya serikali, na kufikia mwaka 1994 vijiji vilikuwa vimeanza kuusimamia vyenyewe, kwa sheria ndogo zao na walinzi wao. Sera ya Misitu ya 1998 iliipa njia hiyo nafasi rasmi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaeleza mamlaka ya kijiji juu ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikatambua misitu ya hifadhi ya ardhi ya kijiji. Shinyanga nako mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, uliwarudisha wataalamu kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi, uliokuwepo kabla ya mtaalamu yeyote kuuandikia ripoti. Yote hayo yamo kwenye mitihani ya Profesa baada ya 1998: swali la ngitili, swali la mipaka ya kijiji na msitu, na mwaka 2012 swali refu juu ya MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewaukaa inayotokana na ukataji na uharibifu wa misitu, lililowataka wanafunzi waeleze nani hasa atapokea malipo ya hewaukaa iwapo msitu ni wa kijiji na anayeuchunga ni mwanamke asiye na jina kwenye daftari la kijiji.

Lakini kugeuka kwa fani si sawasawa na kugeuka kwa mwalimu. Nawafahamu waliobadilisha majina ya kozi zao bila kubadilisha walichofundisha. Nilimuuliza Profesa, akanijibu kwamba ilikuwa Kondoa, na ilikuwa mama mmoja. Mwaka hakuukumbuka sawasawa. Alikuwa amewapeleka wanafunzi kwenye korongo alilozoea kuwaonyesha kila mwaka, na alikuwa akieleza kwa fahari jinsi nyasi zilivyoshika, pale mama aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alipotua, akasikiliza, kisha akauliza kama na yeye anaweza kusema. Alisema nyasi ni kweli zimerudi. Halafu akasimulia kuhusu mwaka ule ng'ombe walipoondoka: waliogawiwa ndugu wa mbali na hawakurudi, watoto waliokosa maziwa, mbolea iliyokosekana shambani, na mahari zilizoshindikana. Ng'ombe wachache wa maziwa waliruhusiwa baadaye, wakafugwa ndani na kukatiwa majani, lakini kati ya kuondoka kwa wale na kuja kwa hawa kuna watu waliokuwa wameshahama.

"Nilikuwa nimefundisha Kondoa karibu miaka kumi," Profesa aliniambia, "na nilikuwa sijamuuliza mtu wa Kondoa."

Aliniomba mwongozo ule wa kusahihishia wa 1987 usiondolewe kwenye kumbukumbu. Nilisita, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu anayestaafu huandikwa kwa heshima, nami nilihofia kuonekana ninamwanika mzee. Akasema kwamba anayetaka kujua alifundisha nini sharti ajue pia alichokifundisha vibaya, kwa kuwa wapo wanafunzi wake wa miaka hiyo waliokwenda kuwa mabwana misitu na mabwana shamba, wakafanya kazi kwa jibu lile la alama tano. Mwongozo umebaki.

Kuanzia 1998 na kuendelea, madaftari ya uwandani yana maneno mawili yanayojirudia pembeni mwa kurasa kwa kalamu nyekundu: "Umemuuliza nani?" Nilianza kuyahesabu nikaacha. Yapo kwenye daftari langu pia. Mwaka 2009 tulipelekwa milima ya Uluguru, inakoanzia maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam, na kwenye ripoti yangu niliandika sentensi ambayo kila mwanafunzi wa mazingira Tanzania amewahi kuiandika: wanakijiji hawana uelewa kuhusu umuhimu wa kuhifadhi vyanzo vya maji. Profesa alipiga mstari chini ya "hawana uelewa" na kuandika maneno yake mawili. Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilikuwa nimeona mashamba kwenye mteremko mkali, na sentensi ikajiandika yenyewe.

Siku iliyofuata alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa mtoto mwaka 1955, Waluguru walipoyakataa matuta ya ngazi yaliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Mzee alichukua jembe, akachimba kidogo pembeni mwa shamba lake, akatuonyesha kwa kidole: udongo mweusi wa juu haukuzidi kiganja, na chini yake ulikuwa mwekundu, mgumu, usioota kitu cha maana. Ukikata ngazi hapa, alisema, unaufukia ule mweusi na kuulima huu mwekundu. Kwenye ukurasa huo wa daftari langu kuna doa la udongo wenyewe, niliousugua kwa kidole gumba ili nisisahau rangi yake. Doa bado lipo, na katika fomu ya safu sita siku hiyo ni sehemu ya krediti.

Jambo jingine nililolikuta kwenye maboksi sikulitarajia. Madaftari yale, yakipangwa kwa miaka, yanaihusu ardhi kama yanavyomhusu mwalimu. Kila kundi lilipelekwa kwenye korongo lilelile la Kondoa, likapima mahali palepale kwa fito na futikamba, likachora umbo la korongo kwa penseli kwenye karatasi ya grafu, na kuandika mimea iliyopo kwa jina la kitaalamu na kwa jina la wenyeji. Kila mti uliofikia unene wa kutosha ulipimwa kipenyo kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kama wanamisitu wapimavyo kote. Wanafunzi hukosea, na katika daftari moja mti ule ule una vipenyo viwili kwenye kurasa mbili. Hata hivyo, ukiyafungua madaftari ya makundi kadhaa kwa pamoja, unaona chini ya korongo ambako mwanzoni paliandikwa "mchanga mtupu" pakianza kuandikwa nyasi, kisha vichaka, kisha majina ya miti. Hakuna mfadhili aliyelipia kazi hiyo. Ilifanyika kwa sababu mwalimu mmoja hakubadilisha mahali pa kufundishia, na kwa maoni yangu uamuzi huo wa kurudi palepale unastahili kuandikwa kwenye kumbukumbu kama kazi ya kitaaluma iliyo kamili.

Kulikuwa na daftari la mistari la kurasa mia mbili ambalo hakuna fomu ingelijua. Mihadhara yetu ni kwa Kiingereza, na watu tunaokwenda kuwauliza maswali hawazungumzi Kiingereza, kwa hiyo Profesa alikuwa akikusanya maneno. Lindimaji, hewaukaa, bayoanuai, uoto wa asili, ngitili, korongo: kila neno lina tarehe aliyolisikia, mahali, na aliyelisema, wakati mwingine "Mheshimiwa, redioni," wakati mwingine "mchunga mbuzi." Pembeni mwa maneno ya kitaalamu ameandika kama wanakijiji walilielewa au la, na pale walipokwama ameandika maelezo waliyoyatumia wao. Alituzuia kupanda basi la kwenda uwandani kabla hatujaweza kueleza mada yetu kwa Kiswahili kwa dakika tano bila kuchomeka Kiingereza. Wengi wetu tulishindwa mara ya kwanza, nami nikiwemo. Nimeliskani daftari hilo lote, na ninalitumia sasa kwa wanafunzi wangu.

Kuhusu safu ya sita, ile ya tathmini za wanafunzi, nitasema kwa ufupi. Alama zake zilikuwa za juu katika madarasa madogo na zikashuka madarasa yalipokua, na maoni ya wanafunzi wa miaka ya mwisho yanalalamika kwamba hawakupata nafasi ya kwenda uwandani wote. Malalamiko yao ni ya haki. Basi moja halibebi kurasa tisa za majina. Nimeziandika alama zote kama zilivyo, na nimeandika idadi ya darasa kando ya kila moja, ili asizisome mtu bila kuijua.

Majina ya wanafunzi nimeyaondoa kwenye nakala zote, pamoja na maksi zao. Majina ya wanavijiji waliohojiwa nayo nimeyaficha, isipokuwa nakala moja ambayo Profesa aliomba itunzwe chini ya kufuli. Hoja yake ni kwamba watu hao walifundisha sehemu ya kozi, na chuo hakijawahi kuwaandika popote.

Mwishowe niliongeza safu ya saba kwenye jedwali langu, nikaiita "kilichobadilika." Katika miaka mingi safu hiyo ni tupu, na nimeiacha tupu. Palipo na jambo nimeandika jambo: mwaka alipoacha stensili na kuanza projekta (akarudi ubaoni baada ya mihula miwili, kwa sababu wanafunzi waliacha kuandika), mwaka sheria mpya ilipoingia kwenye mtaala, mwaka daftari la maneno lilipoanza. Kwenye mistari ya 1993 hadi 1997 niliandika tu kwamba nyaraka zimeharibika.

Sikuridhika nayo. Nikawatafuta wanafunzi wa miaka hiyo kupitia kundi la simu la wahitimu, nikauliza nani bado ana daftari la Kondoa. Wengi walijibu kwa kumbukumbu za basi lililokwama mchangani na za uji wa asubuhi, na mmoja, bibi misitu aliyekaribia kustaafu naye, akaandika maneno machache tu: "Ninalo. Nitalituma kwa basi." Siku mbili baadaye alinitumia picha ya risiti ya kifurushi na namba ya simu ya kondakta, nami nikaenda stendi saa kumi na moja alfajiri.

Daftari lilikuwa limefungwa kwa gazeti, kisha kwa nailoni, kisha kwa kamba ya katani. Ni la mwaka wa masomo 1995/96. Karibu na katikati kuna umbo la korongo limechorwa kwa uangalifu, na ukurasa unaofuata umejaa maandishi ya haraka ya penseli, mstari juu ya mstari, bila vituo. Ni maneno ya yule mama, jinsi alivyoyasema: ndugu wa mbali, maziwa, mbolea, mahari. Mwanafunzi alikuwa ameyaandika yote wakati mwalimu wake amesimama kando akisikiliza. Chini ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko ninaoujua, hapakuwa na swali. Paliandikwa: "Hili sikuwahi kulifundisha," na saini, na tarehe.

Nililipeleka kwa Profesa asubuhi ileile. Alivaa miwani, akausoma ukurasa wote kwa kidole, akarudia tena kutoka mwanzo, kisha akaniomba nimsomee jina la mama lililoandikwa juu kabisa, kwa kuwa penseli ilikuwa imefifia. Nilimsomea. Akalirudia kwa sauti. Jioni nilifungua jedwali, nikafuta maneno "nyaraka zimeharibika" kwenye mstari wa 1995/96, na kwenye safu ya saba nikaandika tarehe ile na sentensi ile ya kalamu nyekundu.